Chopa Ikikuangukia, Nani Analipa?

Leo hakuna vichekesho. Leo nataka tuongee juu ya kitu ambacho sisi watu wa Kakamega tunakipenda sana na hatukijui kabisa: ndege ndogo na helikopta.

Nikiwa darasa la nne, mheshimiwa mmoja alitua na chopa kwenye uwanja wa shule yetu. Mwalimu alijaribu kutuzuia, lakini nani angemsikia? Tulikimbia wote, hata watoto wa nasari. Ile kitu iliposhuka, upepo wake ukang'oa bati moja la choo cha wavulana. Bati likaruka kama karatasi na kumkata jirani yangu wa dawati begani. Damu ikamwagika. Mheshimiwa akahutubia, akatoa pesa ya soda kwa walimu, akapaa. Mama ya yule mtoto alilipa hospitali kwa kuuza kuku. Hakuna mtu aliyeuliza swali hata moja. Tena mama mwenyewe aliona ni aibu kuuliza, kwa sababu mgeni alikuwa ametuheshimu kwa kuja na chopa.

Hilo swali ambalo halikuulizwa ndilo naliuliza leo, kwa sababu 2027 haiko mbali. Chopa zitarudi. Zitatua Bukhungu, zitatua kwenye viwanja vya shule, zitatua kwenye mashamba ya miwa. Watoto watakimbia tena. Kwa hivyo acha nikupeleke nyuma kidogo kwenye historia, halafu turudi hapa nyumbani.

Dhahabu, ndege na sheria inayobadilika

Wengi wetu tunajua Rosterman kama mtaa. Wachache wanakumbuka kwamba hilo lilikuwa jina la mgodi. Mwaka 1931 dhahabu ilipatikana hapa Kakamega, na kufikia 1932 wazungu walikuwa wamejaa mito yetu wakichimba na kuchekecha mchanga. Wakati huo huo ndege zilikuwa zimeanza kufika upande wetu. Mwaka 1931 kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilifungua njia yake ya kutoka Uingereza hadi Mwanza, na Kisumu ikawa kituo. Ndege za majini zilikuwa zinatua ziwani, hapo chini tu.

Lakini kitu kilichotokea 1932 ambacho kinanihusu mimi na wewe ni cha sheria. Serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji mwaka 1930, iliyoahidi kwamba ardhi ya Waafrika ikichukuliwa, watapewa ardhi nyingine ya thamani sawa. Miaka miwili tu baadaye, dhahabu ikiwa imepatikana, sheria ikarekebishwa haraka ili mchimbaji apate ardhi na mwenyeji alipwe pesa tu, bila ardhi nyingine. Hiyo ndiyo shule ya kwanza ya fidia ambayo wazee wetu walipitia. Walijifunza kwamba ahadi ya kwenye karatasi ni nzuri mpaka siku mtu mwenye pesa anahitaji kitu chako.

Shika hilo akilini. Tutalirudia.

Marubani wa kwanza walikuwa watu binafsi

Historia ya ndege Kenya haikuanza na mashirika makubwa. Ilianza na matajiri waliokuwa na ndege zao. Klabu ya marubani ya Aero Club of East Africa ilianzishwa 1927. Mwaka 1929 mama mmoja mjane, Florence Kerr Wilson, akishirikiana na rubani Tom Campbell Black, akaanzisha Wilson Airways. Uwanja wa Wilson pale Nairobi umebeba jina lake mpaka leo.

Na vifo vilianza mapema vilevile. Machi 1928, Maia Carberry, mwanamke kijana aliyekuwa rubani na mwalimu wa urubani, alianguka Nairobi akiwa na mwanafunzi wake. Wote wawili wakafa. Miaka mitatu baadaye, tarehe 14 Mei 1931, Denys Finch Hatton, yule mwindaji aliyekuwa mpenzi wa Karen Blixen, alipaa kutoka Voi kwa ndege yake ndogo ya Gipsy Moth. Haikwenda mbali. Ilianguka na kushika moto.

Sasa sikiza. Filamu imetengenezwa, vitabu vimeandikwa, kaburi la Finch Hatton kule Ngong lina mnara na watalii wanapanda kuliona. Lakini kwenye ile ndege kulikuwa na abiria. Alikuwa mtumishi wake, na vitabu vinamtaja kwa jina moja tu: Kamau. Kamau naye aliungua humo ndani. Yeye hakuchagua hali ya hewa, hakukagua injini, hakuamua ndege ipae saa ngapi. Aliambiwa apande, akapanda. Na leo Kamau ni neno moja ndani ya hadithi ya mtu mwingine.

Ukiniuliza, sheria yote ya ajali za ndege ipo kwa ajili ya Kamau. Rubani anajua anachofanya na hatari yake anaijua. Abiria anaamini tu. Na yule aliye chini shambani, akipalilia mahindi yake, hata kuamini hakuombwa.

Sheria ilitoka wapi

Hii sehemu nitaifupisha, usikimbie.

Kwa jamii nyingi za huku kwetu, mtu akiuawa, hata kwa bahati mbaya, familia ya aliyeua ilikaa chini na familia ya marehemu na ng'ombe wakahama boma. Kifo kilikuwa na deni. Kwa Waingereza ilikuwa kinyume, na inachekesha kama si kwamba inatisha. Kuanzia kesi moja ya mwaka 1808, mahakama zao zilishikilia kwamba ukimjeruhi mtu unaweza kumlipa, lakini akifa, familia yake haina dai. Yaani ilikuwa nafuu kumuua mtu kuliko kumvunja mguu! Ni mpaka reli zilipoanza kuua watu kwa wingi ndipo bunge lao likapitisha sheria ya 1846 iliyoruhusu mke, mume, wazazi na watoto wa marehemu kudai. Sheria yetu ya Ajali za Vifo, Sura ya 32 ya sheria za Kenya, ni mjukuu wa ile ya 1846.

Ndege nazo zilipokuja, Waingereza wakatunga sheria yao ya 1920 ya usafiri wa angani. Ndani yake kulikuwa na kanuni moja tamu sana. Walisema mwenye shamba hawezi kushtaki eti kwa sababu tu ndege imepita juu ya shamba lake kwa urefu wa kawaida. Lakini upande wa pili wakasema: ndege hiyo, au kitu chochote kilichodondoka kutoka kwake, kikileta hasara kwa mtu au mali iliyo chini, mwenye ndege analipa bila aliyeumia kuthibitisha uzembe. Ni biashara ya haki ukiifikiria. Mimi nakuachia anga yangu, na wewe ukianguka juu yangu huniambii nilete ushahidi kwamba ulikosea. Kanuni hiyo ilisafiri na kuingia kwenye sheria za nchi nyingi zilizotawaliwa na Mwingereza, na ndiyo mahali pa kwanza ambapo wakili mzuri anaangalia aliyeumia akiwa chini.

Mwaka 1929 kukaja Mkataba wa Warsaw kwa abiria wa safari za kimataifa, na baadaye Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya ni mwanachama. Huo unasema shirika linalipa mpaka kiwango fulani bila mabishano ya nani alikosea. Safi. Lakini uliandikwa kwa ajili ya ndege kubwa zenye tiketi. Ndege binafsi ya rafiki aliyekupa lifti bure iko nje ya huo mkataba. Hapo unarudi kwenye sheria ya kawaida: thibitisha uzembe.

Busia, Januari 2003

Sasa tuje karibu na nyumbani. Tarehe 24 Januari 2003. Kibaki hajamaliza hata mwezi ikulu. Mawaziri na wabunge wa NARC wamekuja Funyula kwa sherehe nyumbani kwa waziri Moody Awori. Wakati huo Busia ilikuwa ndani ya Mkoa wa Magharibi, na makao makuu ya mkoa yalikuwa hapa Kakamega. Yaani ilitokea kwetu.

Jioni wakapanda ndege ya kukodi aina ya Gulfstream, yenye injini mbili, kwenye uwanja mdogo wa Busia. Ilipopaa ikagonga nyaya za umeme, ikaanguka na kugonga nyumba. Waziri wa Leba, Ahmed Khalif, akafa. Marubani wote wawili wakafa. Martha Karua, Raphael Tuju na Linah Kilimo walikuwa humo ndani na wakatoka na majeraha.

Waulize watu wazima wa Busia, wanakumbuka. Lakini angalia tunakumbuka nini. Tunakumbuka mawaziri. Mimi nikiangalia picha za siku ile naangalia ile nyumba. Mtu alikuwa ameijenga. Alikuwa amenunua mabati moja moja. Na uwanja ulikuwa umewekwa karibu na nyaya, au nyaya zimewekwa karibu na uwanja, na nyumba zimesongea zote mbili. Hayo si makosa ya rubani peke yake. Uwanja mdogo una watu wanaopaswa kuulinda: anayeuendesha, anayepitisha umeme, anayetoa ruhusa ya kujenga. Ajali ikitokea, lawama ni kama ugali mkubwa, kila mmoja anaweza kumegewa kipande chake, na mahakama zetu huimega kwa asilimia.

Kwa nini ndege ndogo huanguka

Tusidanganyane kwamba ni uchawi. Ukifuatilia ajali za ndege ndogo duniani, sababu zinajirudia kama wimbo wa matangazo.

Ya kwanza ni hewa yenyewe. Kakamega iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, na jua la mchana likiwaka inakuwa nyepesi zaidi. Injini inapata pumzi kidogo, bawa linashika hewa kidogo, na ndege inahitaji uwanja mrefu zaidi kuliko ingehitaji Mombasa. Sasa jaza abiria wanene, mizigo, na kuku wa zawadi, halafu upae saa nane mchana. Hesabu hiyo iko kwenye kitabu cha ndege. Rubani anatakiwa aifanye kila safari, hata kama mheshimiwa anapiga kelele kwamba amechelewa.

Ya pili ni mvua na mawingu. Wewe unajua mvua yetu. Asubuhi anga ni safi kama kioo, saa tisa mawingu yamesimama upande wa Nandi kama ukuta, na mvua ya mawe inakuja. Rubani mwenye leseni ya kibinafsi amefundishwa kuruka akiona ardhi kwa macho. Kima cha chini cha mafunzo kimataifa ni saa 40 tu za kuruka. Akiingia ndani ya wingu bila mafunzo ya kutumia vyombo, sikio lake la ndani linamdanganya, anadhani yuko sawa kumbe amelala upande. Hata wenye uzoefu hawako salama mlima ukiwa ndani ya wingu. Juni 2018 ndege aina ya Caravan ilitoka Kitale kwenda Nairobi ikagonga milima ya Aberdare, watu wote 10 wakafa. Ilichukua siku mbili kuipata.

Ya tatu ni shinikizo, na hii ndiyo ya kwetu hasa. Mtu mkubwa anataka kufika. Rubani ana familia, anataka kazi kesho. Aprili 2006, ndege ya jeshi ilianguka Marsabit ikiwa na wabunge waliokuwa wakienda mkutano wa amani. Watu 14 wakafa. Juni 2012 helikopta ya polisi ikaanguka Ngong na kumuua waziri George Saitoti, naibu wake Orwa Ojode na wengine wanne. Juni 2021, kule Gem, Siaya, helikopta iliyokuwa imetoka kumshusha Raila Odinga ilianguka kwenye uwanja wa shule ikijaribu kutua. Waliokuwa ndani wakaumia lakini wakapona. Aprili 2024 Jenerali Francis Ogolla na wenzake tisa wakafa Elgeyo Marakwet. Sisemi zote hizi zina sababu moja. Nasema tu nchi inayotumia chopa kama bodaboda inafaa kujua maana ya rubani kusema hapana. Rubani anayekataa kupaa amefanya kazi yake. Tumpigie makofi kama tunavyompigia anayetua.

Waliokuwa chini

Tarehe 10 Januari 2025 ndege ndogo ya mafunzo ilianguka barabarani Malindi, karibu na uwanja wa ndege. Waliokuwa ndani ya ndege walitoka hai. Watu 3 waliokuwa chini wakafa, na mmoja wao alikuwa mtu wa bodaboda. Agosti 7 mwaka huo huo, ndege ya madaktari ikaanguka Mwihoko, Kiambu. Walikufa watu 6, na 2 kati yao walikuwa raia tu kwenye makazi yao.

Fikiria huyo mtu wa boda. Amelipa bima ya pikipiki yake kwa mwaka. Amevaa helmeti. Amefuata sheria za barabara. Halafu ndege inamtoka mbinguni. Kuna kozi gani ya usalama ungempa?

Ndiyo maana ile kanuni ya 1920 ni muhimu. Yule wa chini hakuchagua lolote. Lakini kanuni haijiendeshi yenyewe. Kanuni ni kama jembe, lazima mtu alishike. Na hapa ndipo familia zetu zinapoteza kesi kabla hazijaanza. Tunazika, tunachanga, tunapokea blanketi na hundi ya rambirambi mbele ya kamera, tunashukuru, na muda unakwenda.

Kuna kitu kingine watu hawaelewi. Ajali ikitokea, idara ya serikali ya uchunguzi wa ajali za ndege inakuja na kuandika ripoti. Watu hukaa wakingoja ripoti iseme nani mwenye makosa. Haitasema hivyo! Kwa kanuni za kimataifa, kazi ya uchunguzi huo ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama wala fidia. Na iko na sababu nzuri: mafundi na marubani wasiogope kusema ukweli. Kwa hivyo isome ukiipata, itakusaidia, lakini usiifanye ndiyo kesi yako. Kesi ni yako na wakili wako.

Yule jamaa wa Bungoma

Najua kuna mtu kwenye komenti ataleta story ya yule "James Bond" wa Bungoma, basi niimalize. Mei 2016, helikopta iliyoleta mwili wa mfanyabiashara Jacob Juma ilipokuwa inapaa Bungoma, jamaa mmoja akaishika na kuning'inia nayo juu ya mji. Akaanguka, akaumia, akapona. Kenya nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka.

Kisheria lakini ni swali zuri. Mtu mzima anayejitia kwenye hatari kwa hiari yake hawezi kutegemea mengi mahakamani. Sheria ina msemo wake wa Kilatini, ila maana yake ni ile ya mama yako: ulijitakia. Lakini mtoto wa darasa la nne aliyekatwa na bati hakujitakia. Mtoto kukimbilia chopa ni kitu ambacho kila mtu anajua kitatokea. Na kitu ambacho kila mtu anajua kitatokea, mwenye kuandaa mkutano alipaswa kukizuia: kamba, askari, umbali. Asipofanya hivyo, huo ndio uzembe wenyewe, na hauhitaji profesa kuueleza.

Wenzetu wa Chicago

Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopia ya ET302 ilianguka ikija Nairobi. Watu 157 walikufa na Wakenya walikuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Familia nyingi zilipeleka kesi Chicago, Marekani, dhidi ya Boeing iliyotengeneza ndege, na Novemba 2021 Boeing ikakubali kwamba ndiyo inayowajibika. Familia za Kiafrika zilisimama mbele ya kampuni kubwa kama ile na ikakubali. Hilo lilinipa moyo.

Ila usidhani mlango huo uko wazi kwa kila ndege. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1994 kulinda watengenezaji wa ndege ndogo. Kwa kawaida, ndege ndogo ikifika miaka 18, huwezi tena kumshtaki aliyeitengeneza kwa kasoro ya zamani. Viwanda vilikuwa vimelia kwamba kesi zinawaua, na kweli Cessna ilikuwa imeacha kutengeneza ndege ndogo za injini moja ya pistoni mwaka 1986 na ikarudi baada ya sheria hiyo. Sasa Cessna nyingi zinazoruka hapa Afrika ni wazee kuniliko mimi. Kwa hizo, lango la Marekani limefungwa. Unabaki na mwenye ndege, rubani, fundi, aliyeikodi, na bima yao. Unakumbuka 1932? Sheria inageuka pale pesa inapolia. Kwa hivyo ujue ya kwako kabla haijageuzwa.

Ufanye nini

Mimi si wakili. Mimi ni kijana wa Kakamega mwenye simu na bando. Lakini haya nimeyasoma na yanaweza kukuokoa.

Ukipewa lifti kwenye ndege ya mtu, uliza leseni yake ni ya aina gani. Mwenye leseni ya kibinafsi haruhusiwi kubeba watu kwa malipo. Ukimlipa kichinichini, jua bima inaweza kukataa siku ya msiba. Uliza bima inamhusu abiria au ni ya chuma peke yake. Uliza hali ya hewa ya mwendo wote, si ya hapa tu. Akiudhika kwa maswali, shuka.

Ikitokea ajali, piga picha, andika majina ya mashahidi na namba za simu, andika namba ya usajili ya ndege. Za Kenya huanza na 5Y. Ripoti polisi na uchukue namba ya OB. Weka kila risiti ya hospitali, hata ya paracetamol. Usitie sahihi karatasi yoyote ya "tumemalizana" ukiwa bado wodini.

Halafu muda. Dai la kawaida la kuumizwa kwa uzembe ni miaka 3. Dai la familia ya marehemu ni miaka 3 tangu kifo. Chini ya Mkataba wa Montreal ni miaka 2. Lakini ukitaka kuishtaki serikali, kwa mfano ndege ni ya polisi au ya jeshi, ni miezi 12 tu. Miezi kumi na miwili! Huku kwetu hiyo ni matanga, kumbukumbu ya kwanza, na ugomvi wa shamba, na imeisha.

Na wewe mwalimu mkuu, wewe chifu, wewe unayepanga mikutano ya mheshimiwa: kamba ni shilingi ngapi? Zungusha uwanja. Watoto wabaki darasani mpaka ile panga ya juu isimame kabisa. Ondoa mabati yaliyolegea. Kama chopa haina mahali salama pa kutua, mheshimiwa ana gari, na barabara ya Webuye anaijua.

Jirani yangu wa dawati sasa ni mtu mzima, ana duka la vipuri hapa mjini. Juzi nilimwonyesha rasimu ya hii posti. Akavuta shati, akaniangalizia ile alama begani, ndefu kama kidole. Akaniuliza, "Sasa hiyo miaka mitatu ilianza lini?" Nikamwambia kwa mtoto sheria husubiri mpaka afikishe miaka 18, ndipo saa inaanza kuhesabu. Akapiga hesabu kwa vidole. Akafika ishirini na moja, akacheka. Alikuwa amepitisha kwa miaka minne.

"Basi waandikie wengine," akasema, akarudi kuuza plagi.

Nimewaandikia. Share na mtu mwenye mtoto shuleni.